Aliye Mzito Atangulie: Mwaka Wetu wa Kwanza wa Kutembea

Kwa miaka 34 nilifundisha Jiografia katika shule za sekondari, na kila mwaka, somo la volkano lilipofika, nilichora Mlima Kilimanjaro ubaoni: Shira upande wa magharibi, Kibo katikati, Mawenzi upande wa mashariki, na juu ya Kibo nikaandika mita 5,895. Mlima wenyewe sikuwahi kuukanyaga. Mume wangu alikuwa karani katika bandari ya Tanga. Alianza kuhesabu robota za katani enzi ambazo meli kubwa zilitia nanga katikati ya ghuba na shehena ikasafirishwa kwa matishari, akastaafu baada ya kina kuchimbwa kutoka mita 3 hadi mita 13 na meli hizo kuanza kufunga gati zenyewe. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kulala melini hata usiku mmoja. Kwa hiyo tulipokuwa wastaafu wote wawili, kila mmoja wetu alikuwa na deni lake: mimi nilidaiwa na mlima, naye alidaiwa na maji. Tukaamua kutenga mwaka mmoja wa kuyalipa madeni hayo pamoja, yeye aingie katika ndoto yangu na mimi niingie katika yake.

Ndugu zetu walishtuka. Kwetu mstaafu anatarajiwa kujenga vyumba vya kupangisha, kununua bodaboda za kukodisha au kufuga kuku, na mtu anayesafiri bila msiba, harusi wala ugonjwa huonekana amekosa la kufanya. Shemeji yangu mmoja aliuliza mbele ya watu kama tumerogwa. Sikumkasirikia, kwa sababu nimeona wenzetu wengi ambao kiinua mgongo kiliyeyuka mikononi mwao kabla ya mwaka kwisha, na hofu yake ilikuwa ya upendo. Lakini nyumba tulikuwa tumeijenga zamani, watoto wetu wawili wanajitegemea, na shamba letu la machungwa huko Muheza hutupatia fedha kila msimu. Kiinua mgongo changu tulikigawa mafungu matatu kabla hakijaingia benki: la kwanza la uzee na matibabu, ambalo haliguswi kwa sababu yoyote nyingine, la pili la shamba, la tatu la kutembea. Fungu la tatu tuliliweka katika akaunti ya peke yake, tukakubaliana kwamba likiisha, safari zimeisha, hata kama mwaka haujatimia. Uamuzi huo, uliofanywa barazani kabla hatujaonja utamu wa safari yoyote, ulituepusha na ugomvi mwingi baadaye.

Tulianzia karibu na nyumbani, katika milima ya Usambara, mwezi wa Juni ambapo masika yamekwisha na baridi ya Lushoto inamfanya mtu wa Tanga alale na soksi. Tulitembea siku nne kutoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba, Lukozi na Rangwi hadi Mtae. Katika Magamba tuliwaona mbega wakiruka kutoka mti hadi mti na kinyonga mwenye pembe akivuka njia kwa utaratibu wake. Baada ya msitu tulipita katika mashamba ya kabichi, karoti na viazi yaliyolimwa katika miteremko ambayo mtu wa pwani asingethubutu hata kusimama juu yake. Nililifundisha somo la kilimo cha matuta kwa miaka mingi kutoka kitabuni. Huko nilimwona mama mmoja akipalilia huku mguu mmoja ukiwa juu kuliko mwingine kwa karibu nusu mita, nikaelewa kwamba somo lile nilikuwa sijalifundisha vizuri.

Siku ya kwanza ilikwenda vibaya. Mume wangu ni mwepesi wa miguu, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya ambavyo kufikia saa sita mchana vilikuwa vimenipa malengelenge katika visigino vyote viwili. Yeye alitangulia, akifika kwenye kona anaketi juu ya jiwe kunisubiri, na mara nilipomfikia nikihema alisimama kwa furaha akisema, "Haya, Mwalimu, twende." Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Hata hivyo, hesabu yake ilikuwa kwamba yeye alipumzika katika kila kona na mimi sikupumzika hata mara moja. Kufikia jioni nilikuwa sitaki kumsikia wala kumwona, na tulikula chakula cha usiku kimya kimya.

Mwongozaji wetu, kijana wa Kisambaa ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, aliyaona yote na hakusema neno mpaka asubuhi. Tulipofunga mizigo alitusalimu, "Shikamooni," kisha akatupanga kama wanafunzi gwarideni. "Aliye mzito atangulie. Mama aende mbele, mzee afuate nyuma yake, na mzee asimpite." Mume wangu alijaribu kueleza kwamba alikuwa akinisubiri. Kijana akamjibu kwa adabu kwamba anayesubiriwa huchoka zaidi kuliko anayesubiri. Siku hiyo tulitembea kwa mwendo wangu, mume wangu akiziangalia hatua zangu, na kwa mara ya kwanza tukaweza kuzungumza tukiwa tunatembea. Siku ya nne tulifika Mtae jua likiwa bado juu, tukaketi ukingoni mwa mlima ambapo ardhi inakatika ghafla na tambarare za Mkomazi zinaanza chini kabisa, na mume wangu akaniomba radhi kwa siku ile ya kwanza bila mimi kumkumbusha.

Kanuni ile ya Usambara ndiyo tuliyoibeba mwaka mzima, na safari iliyofuata ilitulazimu kuielewa kwa namna nyingine, kwa sababu uzito hauko miguuni tu.

Mwaka 1989 nilipangiwa kazi Bukoba, na kwa miaka sita nilivuka Ziwa Viktoria kwa meli kila likizo, bila kufikiri. Nilihamia Tanga mwaka 1995. Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, MV Bukoba ilizama ilipokuwa inakaribia Mwanza ikitokea Bukoba na Kemondo, na katika mamia ya watu waliokufa alikuwamo mwalimu mwenzangu ambaye tulikaa naye nyumba moja. Tangu siku hiyo sikupanda meli tena. Nilipokwenda Kagera kwa msiba nilikwenda kwa basi, nikizunguka ziwa lote la upande wa kusini. Mume wangu alilijua jambo hilo, na alipotaja kwa mara ya kwanza kwamba angependa kuvuka kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa MV Victoria, ambayo ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020, alilitaja kwa sauti ya mtu aliye tayari kukataliwa.

Nilikubali kwa sharti moja, kwamba mimi ndiye niliye mzito katika safari hiyo, kwa hiyo mimi ndiye nitangulie. Maana yake ni kwamba mimi ndiye niliyechagua siku, mimi ndiye niliyepanda ngazi ya meli kwanza, na kama ningegeuka katikati ya ngazi, yeye angegeuka bila kuuliza. Kabla ya hapo tulikwenda Igoma, pembezoni mwa jiji la Mwanza, yalipo makaburi ya waliokufa katika ajali ile na mnara wa kumbukumbu. Tulisimama pale karibu saa nzima. Mume wangu alisoma Fatiha, nami niliongea na rafiki yangu moyoni, nikamweleza kwamba ninarudi kwa njia aliyoikusudia.

Jioni ile nilipofika melini sikwenda chumbani. Nilimtafuta baharia na kumwomba anionyeshe yalipo majaketi okozi na namna ya kuyafunga, na namshukuru kwa kutonicheka. Alinifungia moja mwilini, akanifundisha, akanionyesha pia mlango ambao ningeutumia kama umeme ungezimika. Mume wangu alikuwa nyuma yangu muda wote. Yeye aliyehesabu shehena maisha yake yote alikuwa anatamani kwenda kutazama winchi na mikungu ya ndizi na magunia, lakini hakuniacha mpaka nilipomwambia aende. Meli ilipoondoka gatini usiku, taa za Mwanza na yale mawe makubwa ya ufukweni vikasogea nyuma taratibu, nilikaa sitahani nikiwa nimeshika ukingo kwa mikono miwili. Sikulala. Kulipopambazuka niliona ukungu juu ya maji na ufuko wa Kagera ukiwa kijani kibichi kama nilivyouacha, na nililia, na mume wangu alikaa kando yangu bila kusema chochote. Hilo la kutosema chochote ni jambo ambalo alikuwa hajalijua miaka ya nyuma, na ninaamini alijifunza kwa kutembea nyuma ya visigino vyangu kule Usambara.

Bukoba tulikaa wiki moja, tukala ndizi, tukanywa kahawa, tukawatembelea wanafunzi wangu wa zamani ambao sasa ni babu na bibi. Turudi kwa meli au kwa basi? Tulirudi kwa meli, na safari hiyo nililala.

Kilimanjaro tuliupanda mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli. Tulifanyiwa vipimo vya moyo na shinikizo la damu hospitalini kwanza, na kwa miezi mitatu tulikuwa tunatembea kilomita kumi kila asubuhi, jambo ambalo katika Tanga, kwenye usawa wa bahari, linaimarisha miguu lakini haliwezi kuufundisha mwili kuhusu hewa nyembamba. Tulichagua njia ya Marangu kwa sababu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala, na katika umri wetu kulala chini katika hema usiku mfululizo lisingekuwa jambo la busara. Raia tunalipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na wanachotozwa wageni. Inanisikitisha kwamba siku zote sita tulikutana na Watanzania wachache mno waliokuja kupanda kwa ajili yao wenyewe, ingawa waliotubebea mizigo, waliotupikia na waliotuongoza wote walikuwa Watanzania. Huko Marangu ndiko alikotoka Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa kwa kuwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, watu wa kwanza wanaojulikana kufika kileleni, mwaka 1889, na ndiko hadi leo wanakotoka wengi wa vijana wanaoujua mlima huu.

Siku ya kwanza tulipita katika msitu wenye unyevu hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720. Ya pili tukatoka msituni na kuingia katika vichaka hadi vibanda vya Horombo, mita 3,720. Ya tatu hatukuhama. Siku hiyo ya kukaa Horombo watu wenye haraka huiona ni fedha iliyopotea, nami nasema ndiyo siku muhimu kuliko zote, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kuzoea. Tulipanda asubuhi hadi kwenye miamba yenye mistari myeupe na myeusi kama pundamilia, kati ya mimea mirefu iitwayo senesio inayofanana na watu waliosimama katika ukungu, tukarudi kulala chini. Kila ukanda wa mimea niliouchora ubaoni ulikuwa mahali pake, kwa mpangilio uleule, na nilijikuta nikiwaeleza wapagazi mambo waliyoyajua kuliko mimi.

Jioni hiyo, tukiwa na akili timamu na matumbo yameshiba, tulifanya mapatano mbele ya mwongozaji wetu. Mmoja wetu akianza kuyumba kama mlevi, au kutapika mfululizo, au mwongozaji akisema inatosha, huyo atashuka bila ubishi. Na aliye mzima ataendelea na mwongozaji msaidizi, wala hatashuka kwa kumwonea mwenzake huruma. Sharti hilo la mwisho nililiweka mimi. Niliogopa kwamba mume wangu akiugua nitashindwa kumwacha, nikataka neno lake linizuie. Haikunijia akilini kwamba ningeugua mimi.

Siku ya nne tulipanda hadi kibanda cha Kibo, mita 4,720, tukaondoka hapo karibu saa sita usiku, katika baridi ambayo iligandisha maji ndani ya mrija wa chupa yangu. Mimi nilikuwa mbele, kama kawaida. Njia ni changarawe inayoteleza: unapanda hatua moja na kurudi nyuma nusu yake. Kichwa kilianza kuniuma mapema, kisha nikatapika, kisha nikatapika tena, na tulipofika katika pango lenye jina la Hans Meyer, zaidi ya mita 5,100, mwongozaji alinitaka nitembee hatua kumi katika mstari ulionyooka. Sikuweza. Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, kwamba nimeungoja mlima huu miaka 34, lakini neno nililotoa Horombo lilikuwa limenitangulia.

Aliyebisha ni mume wangu. Alisema hapandi mlima wangu bila mimi. Nilimkumbusha mapatano, nikatoa mfukoni kipande cha chaki nilichokihifadhi tangu kipindi changu cha mwisho darasani, nikamtia katika glavu yake, nikamwambia aende nacho. Tukaagana gizani, yeye akielekea juu na msaidizi, mimi chini na mwongozaji mkuu aliyenishika mkono njia nzima. Nilipofika kibandani Kibo kichwa kilikuwa kimeanza kupoa. Hivyo ndivyo maradhi ya mlimani yalivyo kwa wengi wakiwahiwa: dawa yake kubwa ni kushuka.

Yeye alifika Gilman, takriban mita 5,680, ukingoni mwa kasoko, yaani mdomo wa volkano, jua lilipokuwa linachomoza nyuma ya Mawenzi. Uhuru, kilele chenyewe, hakufika, kwa sababu tulikuwa tumepanga pia saa ya kugeuka na saa hiyo ilikuwa imefika. Aliporudi nilimuuliza kuhusu chaki, akashtuka. Alikuwa ameisahau kabisa, nayo ilikuwa bado ndani ya glavu, imevunjika vipande vitatu. Ninavyo vyote vitatu. Watu huniuliza kama ninaona uchungu kwamba yeye aliyefuata tu alifika juu kuliko mimi niliyeota. Wiki ya kwanza niliuona uchungu, tena mwingi. Ukapungua nilipomsikia barazani akiwasimulia wazee wenzake juu ya barafu ya Kibo, kwa makini na bila kuongeza chumvi, kama mtu anayetoa ripoti ya kazi aliyotumwa.

Vuli ilipoanza tulikaa nyumbani. Magoti ya mume wangu yalikuwa yameumizwa na mteremko, jambo ambalo wengi hawalitegemei: kupanda kunachosha mapafu, kushuka ndiko kunakoharibu magoti. Fedha nazo zilihitaji kuhesabiwa upya.

Januari ilikuwa zamu ya bahari kubwa. Tulikwenda Dubai kupanda meli ya kitalii ya siku saba katika Ghuba, kwa kuwa majira hayo joto la huko limepoa na meli hizo huwa nyingi. Nusura safari ivunjike kabla ya kuanza. Wakala aliyetushughulikia alitupatia viza ya kuingia mara moja tu, na sisi hatukufikiri kwamba meli ikitoka Dubai kwenda Muscat na kurudi, abiria huhesabiwa kuwa ameondoka nchini na kuingia upya. Tuligundua zikiwa zimebaki wiki mbili, tukalipa tena. Anayetaka kusafiri hivyo na aifuate njia ya meli kwa kidole kwenye ramani, bandari kwa bandari, na kwa kila bandari aulize viza yake. Mwalimu wa Jiografia nilipaswa kulijua hilo.

Ndani ya meli mume wangu alikuwa kama mtoto siku ya Idi. Vyakula na michezo havikumshughulisha. Aliamka alfajiri kutazama boti ya rubani ikisogea ubavuni, alihesabu kamba za mbele na za nyuma meli ilipofunga gati, na usiku tulipopita Mlango-Bahari wa Hormuz alisimama sitahani akitaja aina za meli kwa taa zake. Mimi nilitangulia pia, kwa kawaida yetu: katika zoezi la dharura kabla ya kung'oa nanga nilikuwa wa kwanza kufika, na niliijua njia ya kwenda kwenye boti ya kuokolea kabla sijaijua njia ya kwenda kula. Kisha nikalala usingizi mzito.

Muscat ndipo mlima na bahari vilipokutana. Meli ilifunga gati Mutrah, na tulikuwa tumesoma kwamba kuna njia ya miguu inayoanzia Riyam, nyuma ya bustani yenye mnara wa chetezo kikubwa cheupe, ikapanda katika majabali makavu na kushukia Mutrah. Njia imewekewa alama za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu juu ya mawe. Ni ya saa mbili tu, lakini magoti yake yalikuwa bado hayajapona. Alipoanza kupanda ngazi za mawe akinipisha nipite, nilikataa. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mzito. Alitangulia akiegemea fimbo, nami nikamfuata nikitazama visigino vyake, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima nikaona ni kazi kiasi gani kupunguza mwendo ambao mwili wako unaweza kuuongeza. Tulipita magofu ya kijiji kilichoachwa na bonde la mawe lisilo na jani, na juu ya ukingo tukaiona meli yetu chini, nyeupe, katika ghuba yenye ngome za zamani pande zote. Mume wangu aliketi, akazihesabu kamba zake kwa mbali.

Jioni sokoni Mutrah tulikuwa tunabishana kwa sauti ya chini juu ya bei ya ubani, nikisema ni ghali, yeye akisema tuchukue. Mzee mwenye duka, mwenye kanzu na kofia, akatuacha tumalize, kisha akasema kwa Kiswahili cha Unguja, "Karibuni. Nyinyi ni watu wa Mrima, siyo?" akimaanisha pwani ya bara. Tukamjibu tunatoka Tanga. Akatuuliza kama ni Tanga mjini au Pangani, akatuletea viti na kahawa, na kwa muda mrefu hatukuzungumza tena habari ya bei. Aliondoka Unguja akiwa kijana baada ya mwaka 1964. Alitaka kujua kama mabungo bado yanapatikana sokoni na kama watu bado wanapika pweza wa nazi kwa mwezi wa Ramadhani. Mume wangu alimweleza kwa utulivu, kitu kimoja baada ya kingine, akimsubiri mzee wa watu amalize kukumbuka kabla ya kuendelea, na mimi nikanyamaza.

Fungu la tatu liliisha mwezi wa Aprili, mwaka ukiwa haujatimia, na tulitii. Sasa machungwa ya Muheza yanaanza kuiva. Mume wangu ametaja Kigoma, treni hadi huko na boti hadi Gombe, na juzi alitaja pia, kwa sauti ile ya mtu aliye tayari kukataliwa, kwamba siku saba za Marangu badala ya sita zingenipa usiku mmoja zaidi Horombo. Nimemwambia kwanza tuuze machungwa. Vipande vitatu vya chaki viko katika kikombe juu ya kabati.